Pumzi za Wageni

Juzi nilitoka nyumbani. Wanaonifahamu wataelewa kwamba hiyo peke yake ni habari. Sisi Wanyamwezi tumesifiwa kwa miguu. Babu zetu walibeba mizigo kutoka hapa Tabora hadi pwani na kurudi, wakilala porini, wakivuka Ugogo kwenye jua la kukaangia karanga; na mimi mjukuu wao, nikitumwa duka la mtaa wa pili, naomba kwanza nimalize chai. Mke wangu huwaambia wageni kwamba alipoolewa alidhani amepata mume, kumbe amepata kabati. Sibishi. Kabati halilewi, halipotei, na ukilitafuta unalikuta pale pale ulipoliacha. Lakini juzi kabati lilivaa viatu, kwa sababu lilipigiwa simu na binti wa Fundi Ndahani, yule Mgogo aliyekuwa akitengeneza baiskeli mtaa wa Isevya tangu mimi nikiwa mwanafunzi. "Baba anakuulizia," aliniambia. "Anasema aletewe mtani wake." Alilitamka neno "mtani" kama mtu anayesoma jina la dawa asiyoijua.

Kwa msomaji ambaye hakukulia kwetu, mtani si mtu wa kufanya naye mzaha tu. Makabila yaliyopitana kwenye njia ya misafara, ambayo pengine yangechinjana, yaliachiana ruhusa ya kutukanana badala ya kuuana, na ruhusa hiyo hakuna aliyeifuta. Mgogo anaweza kuingia nyumbani kwangu, akafunua sufuria, akasema chakula hiki hata mbwa angeaga kwanza, nami sina haki ya kukasirika. Na mmoja wetu akifa, mwenzake ana kazi msibani ambayo ndugu wa damu hawawezi kuifanya. Nilipokuwa nafunga kamba za viatu nilijua naitiwa kazi hiyo, au mwanzo wake. Nikakumbuka mahali nilipoiona ikifanywa mara ya kwanza, ule mwaka nilioishi kwa shangazi yangu Nyamizi, nikiwa kidato cha pili.

Nyumba ya Shangazi ilikuwa ya matofali ya udongo, bati juu, vyumba viwili na ukumbi mwembamba ambao ulikuwa pia jiko wakati wa mvua, na chumba changu wakati wote. Chumba chake kilikuwa kile cha mbele. Kilikuwa na kitanda cha mbao, sanduku la bati lililofunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, picha ya Familia Takatifu iliyofifia mpaka Yosefu akabaki ndevu tu, na dirisha moja dogo la ubao linalofunguka kwa nje. Kilinukia tumbaku. Shangazi alifanya kazi miaka mingi kwenye mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku kwa moto, kisha akahamia kupanga majani, kutenga mazuri na mabaya, akiwa ameinama kwenye vumbi la kahawia kutwa nzima. Hakuwahi kuvuta hata sigara moja maishani. "Nilivutiwa," alikuwa akisema. "Wao wananunua, mimi nawavutia bure." Mwaka ule kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Akipanda ngazi mbili za kanisani alisimama kwenye ya kwanza akajifanya anatafuta rozari.

Mwezi wa tano tulimpeleka hospitali, akalazwa, akapigwa picha ya kifua, na siku ya kuruhusiwa daktari aliniita pembeni mimi, kwa kuwa nilikuwa na sare ya shule na yeye alidhani sare ina akili ndani yake. Akasema mapafu yale yamechoka, hayatengenezeki. Nikamuuliza apewe dawa gani. Akatazama ukutani kidogo, halafu akasema, "Apate hewa. Hakikisha anapata hewa nzuri." Basi. Watu wengine hurudi kutoka hospitali na vidonge vya rangi tatu. Sisi tulirudi na neno moja, nami nililibeba kama yai. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na hakuna mtu aliyewahi kunikabidhi kitu kikubwa kuliko ufunguo wa banda la kuku.

Ikawa bahati, au mkosi, kwamba wiki hizo hizo mwalimu wetu wa biolojia alikuwa anafundisha upumuaji. Alikuwa kijana mwembamba, amechoka kabla ya kuanza kazi, lakini siku ile alikuja na bilauri ya maji maangavu na bua la jani la mpapai, lile lenye tundu ndani, akamwita mwanafunzi apulize. Mapovu yakapanda, na taratibu yale maji yakageuka meupe, kama maji ya kusuuzia sufuria ya uji. Maji ya chokaa, akasema. Hewa tunayovuta na hewa tunayotoa si moja. Tunaingiza oksijeni, mwili unaitumia, kisha tunatoa hewa yenye oksijeni pungufu, yenye joto, yenye unyevu, na yenye hewa ya ukaa nyingi kuliko ile iliyoingia. Hiyo hewa ya ukaa ndiyo inayochafua maji ya chokaa. Nikamuuliza, na ile iliyobaki, ambayo ndiyo sehemu kubwa? Akasema hiyo ni naitrojeni, inaingia na kutoka kama ilivyo, haifanyi lolote. Darasa zima likageuka kunitazama mimi. Sikuhitaji kuuliza kwa nini. Mpaka tunamaliza kidato cha nne niliitwa Naitrojeni, na hata leo nikikutana na mzee mwenzangu wa darasa lile sokoni, akinikuta nimesimama na kikapu kitupu, hunisalimia hivyo.

Lakini sikucheka siku ile. Nilikuwa naona chumba cha Shangazi. Kwetu mgonjwa haonwi mlangoni. Ukimwacha mgonjwa chumbani ukakaa ukumbini, umemwambia kwamba umemwogopa. Ni lazima uingie, ukae, uguse mguu wake juu ya shuka, ukae tena, na usiondoke mapema, maana kuondoka mapema ni kusema una mambo muhimu kuliko yeye. Shangazi alipendwa. Kwa hiyo kuanzia baada ya Alasiri mpaka jua linazama chumba kile kilikuwa kimejaa wanawake kitandani, wanawake kwenye mkeka, wazee wawili juu ya sanduku, watoto waliosahauliwa chini ya kitanda. Walileta mayai, sukari kwenye karatasi, matobolwa ya viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, bakuli la nsansa, ile mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa, iliyoungwa kwa karanga ambayo waliishia kuila wao wenyewe huku wakimhimiza mgonjwa aonje. Walizungumza bei ya tumbaku, na treni ya Mwanza iliyolala Bukene, na nani kaoa. Na kwa sababu ilikuwa kipupwe, na kila mtu anajua kifua kibovu na upepo ni maadui, dirisha lilifungwa. Aliyelifunga ni Bi Zuhura, jirani wa ukuta wa pili, mjane wa muuza vitambaa, mwanamke mkubwa mwenye huruma kubwa vilevile. Mimi nililifungua nikitoka shule. Yeye alilifunga akifika. Hatukugombana; tuliligeuza dirisha lile kama watu wawili wanaozungusha jiwe la kusagia.

"Bi Zuhura, shikamoo. Daktari alisema hewa."

"Marahaba, mwanangu. Hewa si hii hapa imejaa tele? Unadhani tunapumua nini, maharage?"

Nikaamua kuwaonyesha. Kulikuwa na chokaa iliyobaki tulipopaka ukuta wakati wa Pasaka. Niliikoroga kwenye chupa, nikaiacha itulie mpaka kesho yake, nikachuja yale maji ya juu taratibu, nikakata bua la mpapai nyuma ya choo, na saa ya wageni nikaingia chumbani na bilauri yangu kama padri. Nikawaeleza. Nikapuliza. Maji yakawa meupe.

"Mbona kama tui?" akasema Bi Zuhura.

"Hicho ndicho tunachomtolea Shangazi humu ndani," nikasema.

"Tunamtolea tui?"

"Hewa ya ukaa. Tukiwa wengi tumefunga dirisha, tunaila hewa nzuri, tunamwachia hii."

Nikadhani nimeshinda. Kisha mzee mmoja wa juu ya sanduku akanyoosha mkono. "Hebu lete na mimi nione yangu." Nikabadilisha maji, akapuliza, yakachafuka kidogo tu, wakamcheka kwamba pumzi imekwisha kama ya baiskeli ya mkopo. Bi Zuhura akalichukua bua, akapuliza kwa nguvu za mtu aliyewasha moto wa mkaa kila asubuhi ya maisha yake, na maji yakawa meupe pepepe. Akashangiliwa. Akainua bilauri juu. "Mwaona? Huyu ndiye mtu!" Ikawa mashindano. Chupa yangu nzima ya maji ya chokaa iliishia kwenye kupima nani ana mapafu ya kiume. Na kwenye tone la mwisho, Shangazi, ambaye alikuwa amelazwa kwa mito mitatu akitabasamu, akasema, "Nipeni na mimi."

Nilimshikia bilauri. Aliweka bua mdomoni, akapuliza. Povu moja. Akapumzika. Povu jingine, dogo, kama la samaki. Akapumzika tena, filimbi ya kifua ikisikika chumba kizima, kisha akajaribu mara ya mwisho na halikutoka kitu. Maji yalibaki maangavu. Ungeweza kusoma kitabu kupitia maji yale. Chumba kikapiga makofi. "Mashaallah!" akasema Bi Zuhura. "Sisi wote wachafu, mwenzetu hana hata doa!" Wakamsifu, wakamgusa miguu, wakasema mtu mwenye pumzi safi namna hiyo hafi leo wala kesho. Shangazi akanitazama. Mimi nilikuwa nimesoma ukurasa ule na yeye hakuusoma, lakini nadhani alijua kama mimi kwamba maji hayakuchafuka kwa sababu hakuwa na cha kuyachafulia.

Hapo ndipo nilipomfuata Ndahani. Alikuwa na kibanda cha mabati kwenye kona, ovaroli la buluu lililokuwa jeusi kwa grisi, na pampu ndefu ya chuma aliyoiita mke mdogo. Mimi aliniita Mwali, kwa kuwa kama msichana aliyewekwa ndani sikuonekana nje mpaka kwa sababu maalumu. Nilimweleza shida yangu. Nilimwambia mimi ni mtoto, siwezi kuwafukuza watu wazima, ndugu hawawezi, ni aibu, padri hawezi, lakini mtani anaweza kumwambia yeyote lolote. Aliacha kuziba tairi.

"Unataka nikawatukane Wanyamwezi watoke chumbani?"

"Ndiyo, fundi."

"Bure?" Akajipangusa mikono kwenye ovaroli. "Mwali, kazi hiyo mimi ningelipia niifanye."

Alikuja jioni ile ile. Aliingia bila hodi, akapita juu ya miguu ya watu, akalisukuma dirisha kwa spana mpaka bawaba ikalia, akageuka. "Nyinyi Wanyamwezi! Babu zenu walibeba pembe za ndovu za watu mpaka pwani bila kuuliza zinakwenda wapi. Leo mmebeba makalio yenu mpaka kwa mgonjwa, nayo hamuulizi yataondoka lini? Hewa yenyewe humu ni ya mtu mmoja, mmeigawana kama nyama ya msiba! Wewe mzee wa kwenye sanduku, toka, unapumua kama mvukuto wa mhunzi! Na wewe Nyamizi, ukitaka kufa ufe upesi, kuna watu wanalisubiri godoro!"

Chumba kilipasuka. Hawakutoka, walicheka mpaka wakaegemeana. "Mgogo wewe, mlenda umekupanda kichwani!" "Nani aliyekufungulia zizi?" Bi Zuhura, ambaye hakuwa mtani wake kwa upande wowote, aliusimamia utani ule kama refa, akihesabu nani kapigwa zaidi. Na Shangazi alicheka. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka, kisha kikohozi kikamshika mpaka midomo ikawa ya kijivu, nami nikamshikilia nikihesabu mbavu zake kwa vidole bila kukusudia. Alipotulia akasema kwa Ndahani, neno kwa pumzi, "Kesho. Uje. Tena."

Kesho yake walikuja wengi zaidi. Habari ilikuwa imefika mpaka sokoni kwamba kwa Nyamizi kuna Mgogo anatukana watu vizuri. Wakaja watu ambao hawakumjua Shangazi, wakamgusa mguu kwa haraka kama watu wanaolipa kiingilio, wakakaa. Kila Ndahani alivyozidi kuwafukuza ndivyo walivyozidi kuketi. Baada ya wiki moja alinishika bega nje, karibu na banda la kuku. "Mwali, umenipa kazi ya kufukuza nzi kwa asali."

"Basi nyamaza, fundi. Usipowachekesha watachoka."

Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. "Una hakika?" Nikamwambia nina hakika. Elimu ya sekondari ilikuwa imenijaa mpaka masikioni.

Siku iliyofuata Ndahani aliingia taratibu. Akavua kofia. Akasema, "Shikamooni. Poleni na mgonjwa." Akaketi kizingitini, mikono mapajani, akatazama chini. Vicheko vilivyokuwa vimeandaliwa vikakauka kwenye koo za watu. Bi Zuhura aliweka kikombe chini polepole. Mzee wa kwenye sanduku akavua kofia naye. "Kuna nini?" mtu akanong'ona. "Daktari kamwambia nini?" Maana, na hili hakuna kitabu cha biolojia kinacholisema, mtani hunyamaza mbele ya mtu mmoja tu, naye ni yule anayekata roho, ambaye hakuna matumaini tena ya kumchekesha. Wanawake wawili walitoka haraka. Nikadhani, hatimaye. Walikuwa wamekwenda kuchukua mikeka. Jua halijazama uwanja ulikuwa umejaa, sufuria kubwa zimeanza kufika, na kutoka barabarani kilio cha kwanza kikapanda, kirefu, kikapokewa na nyumba ya tatu. Kitandani Shangazi alijiinua kwa kiwiko.

"Ni nani amekufa?" akauliza.

Ndahani akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akatoka uwanjani akawatukana waliaji mmoja mmoja, akataja pua zao, akataja wakwe zao, mpaka kilio kikageuka kicheko na watu wakashusha pumzi, wakaingia ndani wote kumwona mgonjwa aliye hai. Dirisha likafungwa kwa sababu ya baridi. Tangu siku hiyo Ndahani hakuthubutu tena kunyamaza.

Nilipata nafasi moja tu ya kuwa na Shangazi peke yake, Jumapili moja mchana, Wakristo wakiwa hawajarudi kutoka kanisani na Bi Zuhura akiwa kwenye swala ya Adhuhuri. Nilifungua dirisha mpaka mwisho, nikafungua na mlango wa uani ili hewa ipite. Ilipita. Kitambaa cha kwenye sanduku kilikuwa kinainuka pembe. Hewa ilikuja na harufu ya vumbi na maua ya miembe ya jirani, na mimi nikasimama katikati ya chumba nikiwa na fahari kama niliyeitengeneza. Shangazi aliniita baba, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake.

"Baba, funga."

"Shangazi, daktari alisema hewa."

"Alisema hewa kwa sababu hakuwa na kitu kingine." Akapumzika. Filimbi, kimya, filimbi. "Unasikia hiyo?"

"Nasikia."

"Wakiwepo, mimi siisikii."

Nilifunga dirisha. Nikakaa kwenye mkeka karibu na kitanda, nikaanza kumsimulia jambo lolote, nadhani nilimsimulia naitrojeni, ili asikie sauti nyingine chumbani isiyokuwa ya kifua chake. Simulizi zangu zilikuwa mbaya. Alisubiri wageni kwa macho yaliyokuwa mlangoni.

Alikufa mwezi wa tisa, mchana, chumba kimejaa. Ndahani alikuwa katikati ya habari ya Mnyamwezi aliyejibeba mwenyewe mgongoni kwa kuzoea mizigo, na watu walikuwa wanacheka, na Shangazi alikuwa ametabasamu, na wengine waliendelea kucheka muda kidogo baada ya yeye kuacha. Hatukujua ni lini hasa. Bi Zuhura ndiye aliyegusa mguu. Kisha, pasipo mtu kumwambia, akaenda dirishani akalifungua mwenyewe.

Msibani Ndahani alifanya kazi yake. Alivaa kitenge cha Shangazi juu ya ovaroli, akajifunga kilemba chake, akaketi kwenye kigoda mbele ya waombolezaji wote na akapumua kama yeye: filimbi, kimya, filimbi. Kisha akaniigiza mimi. "Fungua, baba! Funga, baba! Fungua! Hewa, baba, hewa!" akirukaruka kati ya dirisha la hewani na kitanda cha hewani. Watu walicheka huku kamasi zikiwatoka. Hata wafiwa. Mimi sikucheka, nikaenda kusimama nyuma ya banda la kuku, na huko ndiko aliponifuata, kitenge bado kiunoni, jasho likimtiririka. Sasa niliona kwamba alikuwa analia tangu mwanzo. "Mwali," aliniambia, "siku yangu ikifika, hili ovaroli utalivaa wewe. Wanangu watakuwa wamesoma, hawataweza. Uniige vizuri. Usinionee haya." Nikamwahidi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Ningemwahidi hata mvua.

Juzi, basi, nilipanda bajaji mpaka ng'ambo ya reli, kwenye nyumba aliyojengewa na wanawe. Nyumba nzuri. Vigae sakafuni, ukumbi mpana, viti vya plastiki vimepangwa ukutani, vyote vitupu. Binti yake alinipokea amevaa barakoa, akanipa nami moja, akaninyunyizia dawa mikononi. Ana adabu, ni muuguzi. "Shikamoo, baba mdogo. Dakika chache tu, tafadhali. Tumewazuia wageni, mapafu yake hayataki msongamano. Na nakuomba sana, asicheke. Akicheka oksijeni inashuka."

Chumba kilikuwa na dirisha refu kuliko mlango wa nyumba yangu, limefunguliwa lote, na pazia jeupe lilikuwa linapumua peke yake. Mashine ilikuwa inanguruma pembeni, ikimpelekea hewa kwa mpira mpaka puani. Kila kitu nilichokitaka mwaka ule kilikuwa mle ndani. Ndahani alikuwa amelala katikati ya usafi ule, mdogo, macho mlangoni. Na nyuma ya mlango, kwenye henga, lilikuwa ovaroli la buluu, limefuliwa mpaka grisi ikawa vivuli tu, limepigwa pasi.

Aliniona. Uso ukafunguka. Alisubiri. Najua alichokuwa anakisubiri. Nilikuwa nimekiandaa njia nzima kwenye bajaji, matusi matatu mazuri, moja la mlenda, moja la pampu, moja la kwamba Wagogo hata kufa wanachelewa. Nilivuta pumzi. Nikamtazama binti aliyesimama kizingitini akitazama ile namba ndogo ya mashine. Nikafikiria oksijeni ikishuka. Mimi ndiye mtu niliyekabidhiwa neno lile na daktari, nikalibeba kama yai, na kumbe sijawahi kulitua.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Pole sana. Mungu atakusaidia."

Ndahani alinitazama muda mrefu, kama alivyonitazama karibu na banda la kuku aliponiuliza kama nina hakika. Kisha uso ule ukafungwa polepole.

"Kumbe nimeshakufa," akasema.

"Hapana, wewe Mgogo," nikaanza, "wewe Mgogo, mlenda wako..." na sauti ikaniishia chini ya barakoa. Alikuwa ameshageukia ukutani. Binti aligusa kiwiko changu kwa upole. Muda umekwisha, baba mdogo. Nilisimama nikatazama nyuma mara moja. Dirisha lilikuwa wazi, na hewa ilikuwa safi kabisa. Hakukuwa na mtu wa kuichafua isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa naondoka.